Samaki wa Chini ya Mukeka

Mtu aliyemwokoa mdogo wangu Térence hakuwahi kuzaliwa. Aliandikwa tu. Alikuwa Mzungu wa karatasi, jina lake Tilmant, fundi wa saa za stesheni aliyekwisha kustaafu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na katika vitabu kumi na kimoja kazi yake ilikuwa kutafuta nani ameua nani. Mimi nimeishi chini ya Wabelgiji, chini ya serikali ya uhuru, chini ya waasi, na chini ya serikali iliyowafukuza waasi. Wote hao walikuwa na damu na mifupa na mihuri, na hakuna hata mmoja aliyenitendea haki. Haki moja niliyoiona kwa macho yangu ilitoka kwa mtu ambaye hakuwako, ikapita kinywani mwa mke wangu.

Mke wangu aliitwa Georgette. Watu walimwita Mama Louise, kwa jina la binti yetu. Mimi ni seremala wa mitumbwi, shule niliiacha mwaka wa pili, na herufi zangu ni zile za kuandika jina tu. Yeye alifika wa sita kwa masista. Kifaransa alikisoma kama mtu anavyochagua mchele, bila haraka, akitupa mawe pembeni. Alikuwa akimfulia nguo Mbelgiji mmoja wa kampuni ya pamba. Uhuru ulipofika mwaka wa sitini, haikupita hata wiki mbili yule bwana akavuka ziwa kwa chombo cha moteri, sahani bado ziko mezani. Majirani walichukua viti, wengine godoro, mmoja redio. Mke wangu akarudi nyumbani Songo na sanduku la vitabu kichwani. Nilimcheka wiki nzima. Nilimwambia godoro lingetulaza, vitabu vitatulaza wapi?

Nilinyamaza Jumapili ya kwanza aliposoma.

Ilikuwa baada ya misa. Aliketi mlangoni kwenye kigoda chake, akasoma ukurasa kwa macho, kisha akaufunga na kutueleza kwa Kiswahili chetu. Mimi nilikaa karibu yake juu ya jiwe. Siku hiyo tulikuwa watu watano. Mwezi ulipokwisha tulikuwa thelathini, na wengine walitoka hata Kimanga. Mtu ameuawa ndani ya chumba, mlango umefungwa kwa ndani, na wote waliomo nyumbani wanalia machozi ya kweli. Nani? Watu waligombana. Katekista alisema ni mpishi. Bibi mmoja, kila kitabu, alisema ni mama mkwe, hata kama hakuna mama mkwe mle ndani. Na Tilmant akitaja jina mwishoni, na kuonyesha jinsi kila kitu kilikuwa mbele ya macho yetu tangu ukurasa wa tatu, tulikuwa tunatulia kimya kama kanisani padri anapoinua mkate. Si kwa sababu muuaji amekamatwa. Ni kwa sababu tulikuwa tumeona vyote na hatukuona kitu.

Yule Tilmant alikuwa na desturi moja. Akifika penye maiti hakumuuliza mtu swali. Aliketi kwanza mahali marehemu alipokuwa akiketi, kiwe kiti, kiwe kitanda, liwe benchi la bustani, akatazama. Alisema kwamba marehemu hana tena mdomo, lakini macho yake ameyaacha pale. Alikuwa pia na rafiki, muoka mikate mnene, mjinga kidogo, ambaye alibebeshwa vitu bila kuambiwa sababu. Watu walimpenda sana yule muoka mikate. Mke wangu akimsimulia aliniangalia.

Mwaka wa sitini na nne, mwezi wa tano, waasi wakaingia mji wetu wa Uvira. Walisema uhuru wa kwanza uliliwa na wakubwa, sasa wanatuletea wa pili. Huo wa pili tuliubeba mgongoni. Wapiganaji wao walikuwa wakikamata mwanaume yeyote wanayemkuta njiani, wanampa mzigo, anatembea mpaka watakapomwambia aweke chini. Mmoja wao aliingia kwetu kuomba karatasi ya kufungia tumbako, akang'oa kurasa za mwisho za kitabu cha kumi na moja. Tulikuwa bado hatujafika mwisho. Mpaka leo sijui nani alimuua yule mjane wa kitabu cha kumi na moja.

Basi, mwezi wa saba, kiangazi kikali, akafa Onesphore.

Onesphore alikuwa mwenye mitumbwi miwili. Ndagala, dagaa wetu wa ziwa, zilizovuliwa na watu wake alizianika mwenyewe ufukoni, chini ya Kimanga, juu ya mchanga aliousawazisha kwa mkono kama mtu anayetandika kitanda. Kila asubuhi saa moja anazitandaza, halafu anaketi kwenye kigoda na fimbo ndefu, anafukuza kunguru mpaka zikauke. Kwa jua la mwezi wa saba, saa nane au saa tisa zimekauka.

Asubuhi hiyo, saa mbili, Térence alivuta mtumbwi wake nchi kavu akapitisha juu ya mchanga wa Onesphore. Wakatukanana. Mdogo wangu ana mdomo, sitamficha. Akamwambia mzee wa watu mbele ya wote, “Siku moja nitakupasua hicho kichwa kama boga.” Akaondoka kwa hasira, akaacha kasia lake pale pale mchangani. Kisha habari ikaenea kwamba waasi wanakamata wabebaji, na ufuko wote ukabaki mtupu. Kila mwanaume alijificha. Onesphore hakujificha. Nani angefukuza kunguru? Térence naye alichelewa, wakamkamata saa nne barabarani na kumbebesha masanduku mpaka bandarini Kalundu, mbele ya bunduki zao, mpaka jioni.

Saa kumi mke wa Onesphore, Mama Agnès, alirudi kutoka shambani. Akamkuta mume wake amelala kifudifudi juu ya ndagala, kichwa kimepasuka, na kasia la Térence liko kando yake.

Jioni ile ile wakamfunga mdogo wangu. Komanda wao, Ildephonse, mtu wa mbali, alisema tribinali itaketi kesho yake saa tisa, pale pale ufukoni, ili watu wajifunze. Tulijua maana yake. Aliyeketishwa mbele ya tribinali ile alirudi nyumbani amebebwa.

Mimi nilisema kwamba Térence alikuwa chini ya bunduki zao siku nzima. Wakanijibu, siku nzima tangu saa nne. Kabla ya saa nne je? Na walikuwa na shahidi. Hyacinthe, mtunza ufunguo wa magazini ya waasi, yaani ghala lao la chakula, aliapa kwamba alipita ufukoni saa tatu kamili, akamwona Onesphore amelala juu ya samaki wake, akadhani mzee amechoka. Ugomvi saa mbili, maiti saa tatu. Hata mimi, kaka yake wa tumbo moja, nilimtazama Térence kwenye zile kamba nikajiuliza. Mungu anisamehe.

Georgette hakujiuliza. Kulipopambazuka alivaa kitenge chake cha misa akaniambia nimfuate na gunia. Tulipofika ufukoni, kigoda cha Onesphore kilikuwa bado pale. Maiti ilikwisha kubebwa nyumbani, na samaki wengine Mama Agnès alikuwa amewakusanya jioni, lakini pale mume wake alipoanguka hakugusa. Alipafunika mukeka, akauwekea mawe pembeni nne. Ndivyo desturi yetu: mahali kifo kimelala pafunikwe mpaka mazishi, na chakula kilicholaliwa na maiti hakiliwi, hata mbwa hapewi.

Mke wangu akaketi kwenye kigoda cha marehemu.

Aliketi muda mrefu. Alitazama ziwa, akatazama mchanga, akageuza shingo akatazama juu, kule kwenye magazini ya waasi, ambayo mlango wake unaonekana kutoka pale. Kisha akatazama mukeka. Sikuthubutu kukohoa. Ilikuwa kama vile yule fundi wa saa, ambaye hajawahi kuona ziwa letu wala jua letu, amekuja na mguu wake mfupi akaketi ndani ya mwili wa mke wangu.

Aliinuka, akaenda kwa wavuvi waliokuwa wakitandaza ndagala mbichi za usiku ule, akawaomba kipande cha mchanga wao chenye samaki. Akaniambia nijaze gunia mchanga. Saa tatu, jua likiwa pale aliponionyesha kwa kidole, akasema nililaze gunia juu ya zile ndagala mbichi, nisiliguse tena.

Nikamuuliza ni la nini. Akasema, “Baba Louise, weye oka mikate.”

Saa tisa ufuko ulijaa. Komanda Ildephonse aliketi nyuma ya meza waliyoitoa shuleni, wapiganaji wake kushoto na kulia, na Térence amepigishwa magoti mbele yake, hana shati. Hyacinthe alirudia ushahidi wake. Komanda akauliza kama kuna mtu wa kusema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Mke wangu akatoka katikati ya wanawake.

“Weye ni avoka, wakili wa huyu?” Komanda akamuuliza.

“Hapana, Komanda. Minye ninafua nguo.”

Wapiganaji wakacheka. Akangoja wamalize. Akasema anaomba kumuuliza shahidi swali moja dogo, halafu anaomba komanda mwenyewe atembee hatua ishirini. Komanda, labda kwa kuchoka na vilio vya kila siku, akamruhusu.

Swali lake lilikuwa saa ngapi.

“Saa tatu, mama,” Hyacinthe akasema. “Iko saa mkononi, sisomi jua kama nyinyi.” Akainua mkono, watu wote wakaiona saa yake inang'aa. Alikuwa mtu wa bara, hakupenda hata harufu ya samaki. Tangu amefika alikuwa akipita ufukoni ameziba pua.

Mke wangu alimshukuru, kweli, akainamisha na kichwa. Kisha akawaongoza mpaka kwenye gunia langu. Alieleza polepole, kama alivyotusomea siku za Jumapili, kwamba ndagala hizi zilitandazwa leo saa moja, na gunia limelazwa juu yake leo saa tatu, mbele ya wavuvi hawa na hawa. Akaniambia niliondoe.

Harufu ilitutangulia. Pembeni pote ndagala zilikuwa zimekauka, zinang'aa kama misumari mipya. Chini ya gunia zilikuwa uji. Zimeshikana, zimevimba, inzi wakazishukia hapo hapo. Komanda akarudi nyuma hatua moja.

“Samaki anayelaliwa saa tatu hawezi kukauka,” mke wangu akasema. “Jua halimfikii. Sasa tumuangalie yule aliyelaliwa na marehemu.”

Hapo nikaelewa, na thelathini wa Jumapili walioelewa pamoja nami niliwasikia wakivuta pumzi. Tulikuwa tumeuona ule mukeka tangu jana. Mimi nilipita kando yake mara mbili.

Mama Agnès mwenyewe aliondoa mawe. Mukeka ukafunuliwa. Umbo la mtu lilikuwa bado pale mchangani, na damu nyeusi upande wa kichwa. Mahali pa tumbo na mapaja, ndagala zilikuwa zimepondeka, lakini zilikuwa kavu. Kavu kabisa, nyeupe, kama zile za sokoni. Mke wangu akaokota moja akaivunja karibu na sikio la komanda, tukaisikia wote: kah.

“Hizi zilikauka kwanza, ndipo mzee akaanguka juu yake,” akasema. “Saa tatu alikuwa mzima, kwenye kigoda chake. Saa nane alikuwa mzima. Na tangu saa nne, Komanda, shemeji yangu alikuwa amebeba masanduku yako.”

Komanda alisema samaki wanaweza kuwekwa. Kwamba sisi watu wa ziwa tuna ujanja, labda tulibadilisha usiku. Akamuonyesha Georgette kwa kidole nusu ya ndagala iliyobaki mkononi mwake, akamwambia, ikiwa anasema kweli, aape kwa kuila.

Kwetu, kula kile ni kujiitia kifo ndani ya nyumba. Mama Agnès alifunika uso. Mimi nilinyoosha mkono kumzuia, na sikufika. Georgette alijiwekea ile ndagala kinywani, akatafuna mbele ya bunduki zote zile, polepole, macho yake yako kwa komanda, akameza. Sijaona jambo kubwa kuliko hilo. Nimeona ndege ikidondosha mabomu, nimeona ziwa likisimama kama ukuta, na hayo yote nilikimbia. Pale sikuweza hata kukimbia. Mwanamke niliyemcheka kwa ajili ya sanduku la karatasi alikuwa amesimama juu ya kivuli cha maiti, na jeshi zima lilikuwa linamngoja amalize kutafuna.

“Iko chumvi kidogo,” akasema.

Komanda aligeuza kichwa, akatazama ile saa kwenye mkono wa Hyacinthe. Aliitazama muda mrefu. Hyacinthe akashusha mkono, akauficha nyuma. Kila mtu wa ziwa aliyekuwa pale alikuwa amekwisha kuelewa: mtu aliyeona maiti saa tatu, wakati marehemu alikuwa bado anafukuza kunguru, ameitoa wapi habari hiyo?

Tulingoja mke wangu aseme. Katika vitabu vyote kumi, hapo ndipo Tilmant anainua kidole. Yeye alifunga kitenge chake vizuri akaangalia chini.

“Mufungueni,” komanda akasema. “Kesi imekwisha.” Na akaenda zake, na Hyacinthe akaenda nyuma yake, na hakuna aliyeulizwa tena kitu.

Nyumbani Térence alikula kama mtu aliyefufuka, ugali sahani mbili, huku machozi yanaingia kwenye mboga. Akamwita Georgette mama, si shemeji tena. Baadaye, tulipobaki wawili, nilimuuliza mke wangu kwa nini hakutaja jina. Alikuwa anasukutua kinywa kwa mara ya saba au ya nane. Aliniambia kwamba alipoketi kwenye kile kigoda aliona kizingiti cha magazini, na juu ya kizingiti ndagala zimemwagika, zimetapakaa. Na Mama Agnès alikuwa amemwambia kwamba alipokusanya, samaki walikuwa nusu ya wale waliotandazwa. Yule mtunza ufunguo alikuja kuchukua samaki wa magazini, mzee akakataa.

“Basi ulijua,” nikasema.

“Tilmant akitaja jina, polisi wanaingia mlangoni,” akanijibu. “Minye nikitaja jina, nani anaingia?”

Yule wa kuingia alikuwa ndiye mwenye ufunguo.

Mwisho wa mwaka serikali ikarudi na askari wake wa kukodiwa, waasi wakapanda milimani. Hyacinthe alipotea miezi miwili. Aliporudi alikuwa na shati jeupe na meza katika buro moja ya vibali. Wakubwa huwa hawapotei, wanabadilisha shati. Mimi nilipita mbele ya ile meza miaka mitatu bila kugeuza kichwa, mpaka Georgette alipougua tumbo, na infirmier, muuguzi wetu, akasema hapa hakuna wa kumpasua, avushwe Bujumbura. Kuvuka kulitaka karatasi. Karatasi ilitaka muhuri.

Hyacinthe alisoma jina, akaniangalia. Aliuliza kama huyu ni yule mama anayekula samaki. Nikasema ndiye. Akaniambia nirudi kesho. Kesho akaniambia kesho. Siku ya nne, saa tisa mchana, mke wangu alikufa, mkono wake uko mkononi mwa Louise. Siku ya tano kibali kikatoka, kimegongwa muhuri vizuri kabisa, jina lake limeandikwa bila kosa.

Kwa kesi hii sina samaki chini ya mukeka. Nani atapima siku nne? Angesema kulikuwa na foleni, na kweli kulikuwa na foleni. Ningekuwa na kichwa cha Georgette ningepata cha kumuonyesha komanda wa sasa, lakini mimi ni muoka mikate tu.

Kile kibali nimekitia ndani ya kitabu cha kumi na moja, mwishoni, pale kurasa zilipong'olewa. Kinaenea vizuri.

Jumapili nyingine huwa natoa kigoda chake, nakiweka mlangoni, naketi alipokuwa akiketi. Mwanzo nilifanya hivyo kama Tilmant, kwa kutafuta kosa. Natazama njia, natazama nyumba ya katekista, na mahali thelathini walipokuwa wakikaa, sasa pameota majani. Lakini kutoka pale kitu cha kwanza kinachokujia machoni, kabla ya njia, kabla ya watu, ni lile jiwe nililokuwa nikikalia mimi. Liko karibu sana. Sikujua kwamba lilikuwa karibu hivyo.